Mafunzo ya walimu kuhusu elimu jumuishi na ustawi wa wanafunzi: maana yake hasa

Mwalimu anaandika ubaoni huku anaeleza. Mgongo kawapa wanafunzi, chaki inakwenda, na sauti nayo inakwenda. Safu ya pili yupo mwanafunzi anayesikia kwa shida; sehemu kubwa ya anachoelewa hukipata kwa kutazama midomo ya msemaji. Kila mwalimu anapogeukia ubao, somo kwake limekatika. Anabaki kunakili maandishi ambayo hajui yametoka wapi. Mwisho wa muhula ripoti yake inasomeka: hayuko makini darasani.

Mwalimu huyo si mtu mbaya, wala si mzembe. Hajawahi tu kuonyeshwa kwamba aandike kwanza, ageuke, ndipo aseme. Jambo hilo halihitaji kifaa wala bajeti. Linahitaji mtu wa kulionyesha, na muda wa kulizoea mpaka lifanyike bila kufikiriwa. Mafunzo tunayoyaeleza hapa yapo kwa ajili hiyo.

Mafunzo endelevu ni yale anayopata mwalimu akiwa tayari kazini, baada ya kutoka chuoni. Yanaweza kuwa semina ya siku mbili, kozi ya mtandaoni ya miezi kadhaa, au vikao vya walimu wa shule moja wanaokaa pamoja kila wiki kujadili vipindi vyao. Yanapohusu elimu jumuishi na ustawi, shabaha yake ni kumwezesha mwalimu kufundisha darasa alilonalo, si darasa la kufikirika ambamo watoto wote wanaona vizuri, wanasikia vizuri, wamelala vya kutosha na hawana linalowasumbua moyoni.

Neno "jumuishi" ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Wengi wakilisikia hufikiria kuwachanganya watoto wenye ulemavu na wenzao katika chumba kimoja. Hiyo ni sehemu tu ya jambo lenyewe. Mwaka 1994, katika mji wa Salamanca nchini Hispania, wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikubaliana kwamba shule zipokee watoto wote, hali zao za kimwili, kiakili, kijamii, kihisia na kilugha ziwe zipi. Walikuwa wanamzungumzia pia mtoto anayefanya kazi, mtoto wa mtaani, mtoto wa wafugaji wanaohamahama, mtoto anayezungumza lugha ya watu wachache, na hata yule mwenye kipaji kikubwa ambaye darasa linamchosha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 ukaliweka suala hilo katika kifungu cha 24 kama haki.

Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilipambanua hali nne, na naona Kiswahili kinazibeba vizuri. Kuna mtoto anayetengwa: shule haimpokei. Kuna anayetengewa: anapewa shule yake au chumba chake, mbali na wenzake. Kuna anayeingizwa: anakaa katika darasa la kawaida, lakini ni juu yake kulimudu jinsi lilivyo. Na kuna anayejumuishwa. Tofauti ya hawa wawili wa mwisho ndiyo inayobeba uzito wote. Mtoto asiyeona akiletwa darasani, akakalishwa na kuachwa asikilize huku vitabu vyote ni vya maandishi ya kawaida, ameingizwa. Akiwa na kitabu cha nukta nundu, mwalimu akisoma kwa sauti kila anachokiandika ubaoni, na wenzake wakijua kwamba mikoba haiachwi njiani, huyo amejumuishwa. Kwa wa kwanza mtoto ndiye anayetakiwa abadilike. Kwa wa pili ni shule.

Ustawi nao una mkanganyiko wake. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaieleza afya kuwa hali ya ustawi kamili wa mwili, akili na mahusiano ya kijamii, wala si kutokuwa na maradhi tu. Kwa mwanafunzi maana yake ni kuwa salama, kuwa na watu anaowaamini, kujiona kuwa ni wa pale shuleni, na kuwa na nguvu ya kukabili mambo ya siku yake. Shule nyingi huuweka ustawi pembeni, ukawa wiki ya michezo au bango ukutani. Lakini ustawi unaingia hata ndani ya hesabu. Mtoto anayejumlisha tarakimu mbili mbili kichwani lazima ashike moja ya kubeba wakati anahesabu iliyobaki. Akiwa na hofu ya kuchekwa au kuadhibiwa, nafasi hiyo ya kushikia inaliwa na hofu. Anaisahau ile moja, jibu linakosewa, hofu inaongezeka.

Ndiyo maana mambo haya mawili hufundishwa pamoja. Mchukue mwanafunzi mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uhaba wa akili, katika kipindi cha kusoma kwa sauti, zamu ikipita dawati kwa dawati. Inapobaki kama watu watatu kumfikia, anaangusha kalamu. Ikibaki wawili, anamsukuma jirani. Zamu yake inafika yeye akiwa tayari ametolewa nje. Ameona ni afadhali aitwe mtukutu kuliko aonekane mjinga. Mwalimu anayeona utukutu tu ataongeza adhabu, na adhabu ndiyo hasa mtoto alikuwa anaitafuta ili aepuke kusoma. Mwalimu aliyefunzwa atauliza vurugu huanza saa ngapi na katika shughuli gani. Kisha atampa aya yake jana yake akaisome nyumbani, au atawaacha wanafunzi wote wasome wawili wawili kwa sauti ya chini. Je, hapo ameshughulikia ujumuishi au ustawi? Mimi siwezi kuvitenganisha.

Kozi nzuri hutumia muda mwingi kwenye mambo madogo kama hayo. Dhana moja utakayokutana nayo karibu kila mahali ni ya kuandaa somo kwa ajili ya wote tangu mwanzo. Chimbuko lake ni ujenzi: msanifu majengo wa Marekani, Ron Mace, alitetea majengo yanayotumika na kila mtu bila kuongezewa kitu baadaye. Njia ya mteremko iliyowekwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu humfaa pia anayesukuma mkokoteni na mzee anayetembelea fimbo. Kituo cha utafiti wa elimu cha CAST, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1984, kikalipeleka wazo hilo darasani. Kabla ya kipindi mwalimu hujiuliza ni nini kitakachowavuta wanafunzi hawa tofauti, watalipokea somo kwa njia zipi, na watamwonyesha walichojifunza kwa njia zipi. Picha iliyowekwa kwa ajili ya asiyesikia vizuri itamsaidia pia anayejifunza lugha ya kufundishia.

Hapa nitoe tahadhari, kwa sababu imenisumbua kwa miaka. Bado kuna kozi zinazowagawa wanafunzi katika makundi: huyu hujifunza kwa kuona, huyu kwa kusikia, huyu kwa kutenda, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake tu. Utafiti haujaunga mkono jambo hilo. Kumpa kila mtu njia kadhaa za kulifikia somo ni kitu kimoja. Kumbandika mtoto jina na kumfungia njia moja ni kitu kingine kabisa. Mwezeshaji akianza kugawa dodoso la mitindo ya kujifunza, muulize maswali.

Jinsi mafunzo yanavyoendeshwa ni muhimu sawa na yanachofundisha. Semina ya siku moja ukumbini humwachia mwalimu maelezo, lakini mara chache humwachia ustadi. Tangu miaka ya 1980 Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa Marekani, walisisitiza kwamba mwalimu anahitaji kuelezwa nadharia, kuonyeshwa, kufanya mazoezi, kupewa mrejesho, kisha kuwa na mtu wa kumsindikiza anaporudi darasani kwake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokatwa fedha zikipungua. Ndiyo pia inayoamua kama kitu kitabadilika.

Niliuelewa ukweli huo kwa jambo dogo sana. Mwanasayansi wa elimu Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu wengi wakiuliza swali hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu au kujijibu wenyewe. Wakingoja sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na wanaonyoosha mkono huongezeka. Nilisikia hayo semina, nikaandika, nikakubali. Wiki mbili baadaye mwenzangu alikaa nyuma ya darasa langu na saa mkononi, akaniambia nilikuwa sivuki sekunde moja na nusu. Tukakubaliana nihesabu kimoyomoyo mpaka nne kabla ya kufungua mdomo. Siku za kwanza kimya kile kilinielemea. Siku ya tatu alijibu mtoto ambaye sikuwahi kusikia sauti yake katika kipindi changu. Alikuwa anatafsiri swali kichwani kutoka lugha moja kwenda nyingine, na muda wote nilikuwa namkatia njiani.

Kozi inayogusa ustawi lazima pia iweke mipaka. Mwalimu si daktari wala si mnasihi. Hapimi nani ana sonona au usonji. Anachoweza ni kuona mabadiliko: mtoto mchangamfu aliyenyamaza, anayelala darasani kila siku, aliyeacha kula na wenzake. Anaweza kusikiliza, kisha kumfikisha kwa mwenye utaalamu. Na mtoto akifunua kwamba anaumizwa, kuna mambo ambayo mwalimu anapaswa kuwa ameyafanyia mazoezi kabla, maana dakika ile haina nafasi ya kutafuta maneno. Asimhoji kama askari. Asimwahidi kwamba itabaki siri yao wawili, kwa kuwa hataweza kuitunza. Amwambie amefanya vizuri kusema, na kwamba kosa si lake. Aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, bila kuyapamba, na siku hiyohiyo ayafikishe kwa aliyepewa dhamana ya ulinzi wa watoto shuleni. Nimeona kozi zikipita juu ya sehemu hii kwa slaidi moja. Ningependa ipewe nusu siku, walimu wakiigiza wawili wawili.

Mwalimu naye ni mtu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kumwongezea mwalimu jukumu jipya kila mwaka bila kumpunguzia la zamani. Aliyechoka mpaka basi hawezi kumwona mtoto wa safu ya nyuma, hata angekuwa na vyeti kumi.

Ukitaka kuchagua kozi, au kuijadili na wenzako shuleni, tazama inakupa nini cha kufanya Jumatatu asubuhi na nani atarudi kukuona ukikifanya. Tazama kama watu wenye ulemavu wenyewe, au wazazi wa watoto hao, wamo miongoni mwa wanaofundisha. Tazama pia kama mkuu wa shule amealikwa kukaa na walimu wake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Yeye ndiye anayepanga ratiba, anayeamua darasa lipi liwe ghorofa ya chini na adhabu zipi zikome. Mwalimu akirudi na mpango mzuri kwa mkuu ambaye hakuwepo, itambidi aanze kuuombea ruhusa kipande kwa kipande.