Kovu kwenye eksirei sio TB, jamani

Mama mdogo wangu alimaliza dawa za TB miezi 6 yote, makohozi yakapimwa yakawa safi. Baadae akapigwa eksirei kwa jambo lingine kabisa, ripoti ikasema ana kovu juu ya pafu la kulia, basi nyumbani kikombe chake kikatengwa na watoto wakaambiwa wasimsogelee. Iliniuma sana.

Watu wanaamini weupe kwenye pafu maana yake TB. Hapana, eksirei ni kivuli tu, mionzi inapita kirahisi kwenye hewa ndo maana pafu linatoka jeusi, mfupa unaizuia unatoka mweupe, sasa weupe ndani ya pafu unaweza kuwa nimonia, maji, uvimbe, TB inayoendelea au kovu la TB iliyopona miaka mingi nyuma, na kovu linaweza kukaa hapo maisha yote kama la mshono. Kujua kama wadudu wapo hai lazima makohozi yapimwe maabara, na daktari alinganishe na picha za zamani. Kwa hiyo picha za zamani msitupe kabisa!

Wengine wanasema "picha safi, huumwi." Sio lazima. Damu ikiganda kwenye mishipa ya mapafu, eksirei mara nyingi inatoka kawaida tu, inabidi siti skani yenye dawa inayochomwa kwenye mshipa, ile inayokufanya uhisi joto mwilini kama umejikojolea, usiogope hiyo inapita. Hata TB kwa mtu mwenye VVU inaweza isionekane kwenye eksirei.

Mbona basi wasianze na siti moja kwa moja? Kweli inaona zaidi, inazunguka mwili na kompyuta inatoa picha kama slesi za mkate, hata kilichojificha nyuma ya moyo kinaonekana. Ila mionzi yake ni mingi, eksirei ya kifua ni kama milisivati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 0.1, siti ya kifua ni karibu 6, na mionzi ya asili tunayopata wote kwa mwaka ni wastani wa kama 2.4. Ukiihitaji kapigwe bila hofu, lakini sio kwa kila kikohozi.

Halafu hii ya kunywa maziwa usafishe mionzi, au mama asinyonyeshe baada ya eksirei: mionzi haibaki mwilini, mashine ikizimwa imeisha, nyonyesha tu. Mjamzito yeye aseme mapema.

Na dada zangu, rasta na shanga zifungeni juu kabisa, zikilala mabegani zinaleta kivuli palepale TB inapopenda kukaa. Cheni na sidiria pia vua, ukiambiwa vuta pumzi ubane, vuta kweli, pafu lisipojaa picha inatoka nyeupe na unaweza kuambiwa urudie.