Mkoba wa Juni na Dhana Zinazoandamana Nao

Kila mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha hutoka katika jengo la Hazina ya Taifa pale Harambee Avenue, huinua mkoba mbele ya wapiga picha, kisha huelekea Bungeni kusoma hotuba inayofuatiliwa redioni kuanzia Gikomba hadi Kawangware. Kwa sababu ya picha hiyo, Wakenya wengi huamini kwamba bajeti huzaliwa siku hiyo, na kwamba mwenye dukuduku atalitoa baada ya hotuba.

Ukweli ni kwamba kufikia siku hiyo sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, lakini matayarisho yake huutangulia kwa karibu mwaka mzima. Kabla ya Agosti kwisha, Hazina huzitumia wizara waraka wa kuzielekeza namna ya kuandaa makadirio. Kisha makundi ya sekta hukaa kugawana kilichopo na kuwasikiliza wananchi. Na kufikia Februari 15 Taarifa ya Sera ya Bajeti huwa imefika Bungeni, ikiwa na viwango ambavyo sekta hazitarajiwi kuvipita. Kifungu cha 221 cha Katiba nacho kinamtaka Waziri awasilishe makadirio ya matumizi angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia Aprili 30. Anayetaka, kwa mfano, vyuo vya kiufundi viongezewe fedha, akingojea mkoba atakuwa amechelewa. Mahali pa kulisema jambo hilo ni katika vikao vya sekta, ambavyo hutangazwa magazetini na, kwa maoni yangu, husomwa na wachache kuliko matangazo ya zabuni.

Wapo pia wasemao kwamba Bunge hupiga muhuri tu. Kisheria sivyo: wabunge wanaweza kubadilisha makadirio, ila Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inamtaka anayeongeza fungu moja aonyeshe atakapopunguza.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba Mswada wa Fedha ndio bajeti yenyewe, kwa hiyo ukikataliwa matumizi nayo yamekataliwa. Mswada huo hushughulikia kodi na ada, ilhali ruhusa ya kutumia fedha hutolewa na mswada mwingine, ule wa matumizi, ambao haupati hata robo ya kelele. Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 2024. Rais William Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha mnamo Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge. Shilingi bilioni 346 ambazo mswada huo ulikusudiwa kuleta zikakosekana, lakini mahitaji yaliyopangiwa fedha hizo yakabaki palepale. Siku chache baadaye Rais alipendekeza matumizi yapunguzwe kwa bilioni 177, na bilioni 169 zikopwe. Hivyo kodi iliyokataliwa barabarani haikufuta gharama zote; sehemu yake ilielekezwa kwenye mkopo.

Na hapo ndipo tunaposikia kwamba deni letu ni la Wachina. Si ajabu kudhani hivyo, kwa kuwa reli ya kisasa, SGR, inaonekana kwa macho na ilijengwa kwa mikopo ya China. Hata hivyo, kufikia Juni 2024 deni la taifa lilikuwa takriban shilingi trilioni 10.6, na zaidi ya nusu yake lilikuwa la humu nchini. Miongoni mwa wadai wa nje, Benki ya Dunia inaidai Kenya zaidi kuliko China. Wadai wa ndani ni mabenki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima na watu binafsi, wanaonunua dhamana za serikali kupitia Benki Kuu. Dhamana za muda mfupi, za siku 91, 182 na 364, hupigwa mnada kila wiki: mnunuzi hutoa, tuseme, shilingi 98,000 leo na kulipwa 100,000 muda ukitimia. Mfanyakazi wa Industrial Area anayekatwa pensheni kila mwezi huenda naye anaidai serikali bila kujua. Riba ya dhamana hizo ikipanda, benki huona heri kuikopesha serikali kuliko fundi wa jua kali, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko uraia wa mkopeshaji.

Wapo pia wanaodhani kwamba serikali inaweza kuchapisha noti tu ili kuziba nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi. Sheria ya Benki Kuu imeweka kikomo: mkopo wa moja kwa moja wa benki hiyo kwa serikali hauwezi kuzidi asilimia 5 ya mapato ya serikali yaliyokaguliwa mara ya mwisho.

Jambo jingine linalochanganya ni kuona fungu likitajwa katika bajeti na kudhani pesa ziko tayari benki. Fungu ni ruhusa tu. Kodi hukusanywa kidogo kidogo mwaka mzima, na hakuna kinachotoka katika mfuko mkuu wa serikali bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi iliyoundwa na kifungu cha 228 cha Katiba. Makusanyo yakipungua, mishahara na riba ya madeni hutangulia, na miradi ya maendeleo hungoja. Mkandarasi aliyekwisha kumwaga lami naye huwekwa kwenye orodha ya madeni yaliyolimbikizwa, ingawa fungu la barabara yake lilisomwa Bungeni na kupigiwa makofi.