Mwekezaji akiondoka, shamba halirudi kijijini

Kwenye mikutano ya vijiji hapa Tanzania, mwekezaji wa kigeni anapoomba ardhi, kuna neno moja linalowatoa watu wasiwasi: "Tunamkodishia tu." Likishatamkwa, mikono inanyooka. Laiti watu wangejua wananyooshea nini!

"Akishindwa, tutarudi kulima wenyewe." Hapana. Ili mgeni apate ardhi ya kijiji, ardhi hiyo huhaulishwa kwanza: Rais anaibadili kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani iliyo mikononi mwa serikali, ndipo mwekezaji anapewa haki ya kuitumia, pengine kwa miaka 99. Muda ukiisha, inarudi serikalini. Kijiji kilishatoka humo siku ya uhaulishaji. Kisarawe wanalijua hili. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za kulima mibono ya mafuta ya mitambo. Mwaka 2011 kazi zikasimama na kampuni ikauzwa, lakini mashamba hayakurudi kwa waliokuwa wakiyalima. Kwangu mimi, hili lilipaswa kuwa jambo la kwanza kusemwa kwenye kila mkutano wa namna hiyo, kabla hata ya ahadi za zahanati na kisima.

"Mgeni mwenye pesa ananunua tu." Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, inakataa: asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia nayo ni mgeni, hata ikiwa na jina la Kiswahili.

"Wakubwa wakishaamua, sisi hatuna la kusema." Mnalo, na ni kubwa. Ardhi isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unajadili na kutoa maoni, kisha uamuzi unakwenda kwa Waziri. Na kwa vyovyote vile, uhaulishaji haufanyiki kabla fidia haijakubaliwa: kiasi gani, italipwa vipi, lini.

Wengine husema serikali ikifuta hati ya ardhi, hasara ni ya mwekezaji peke yake. Bagamoyo, hati ya mradi wa miwa wa EcoEnergy, zaidi ya hekta 20,000, ilifutwa mwaka 2016. Wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kuwalipa mamilioni ya dola. Usimamizi mzuri ni ule wa kabla hati haijatoka.

Nao unaanzia kwenye karatasi. Niliwahi kuona orodha ya mahudhurio, majina na dole gumba kwa wino wa bluu, ikiambatanishwa na muhtasari wa mkutano kana kwamba kila aliyehudhuria ameridhia. Mzee mmoja alilikuta jina lake humo, naye siku ile alisimama na kupinga. Kwa hiyo muhtasari usomwe kwa sauti mkutanoni kabla ya kugongwa mhuri, hekta zitajwe, waliokataa waandikwe, na nakala ibaki kijijini.