Kuuelewa mji wa Pangani kuanzia mtoni

Wageni wanaoniomba niwaeleze majengo ya kale ya Pangani hutaka kuanzia kwenye boma, nami huwapeleka kwanza ukingoni mwa mto, kwa sababu karibu kila jengo la mji huu lilisimamishwa kwa ajili ya kitu kilichofika au kuondoka kwa maji. Mto Pangani hupokea maji ya Kilimanjaro na Meru, ukapita bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha ukateremka kandokando ya milima ya Upare na Usambara hadi baharini, safari ya takriban kilomita 500. Bonde hilo ndilo lililokuwa njia ya misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19. Burton na Speke walilifuata mwaka 1857 walipokwenda Vuga kumwona Kimweri, mtawala wa Usambara.

Utajiri wa misafara ulifuatiwa na ule wa miwa. Kwenye kingo za mto, juu kidogo ya mji, wenye mashamba walilima miwa na kutengeneza sukari kwa jasho la watumwa, na mwaka 1873 watumwa hao waliasi. Naona jambo hili halisemwi vya kutosha: wageni husimuliwa habari za watumwa waliozikwa chini ya nguzo za boma, lakini ni wachache wanaosikia kwamba watumwa wa Pangani walisimama kudai uhuru wao.

Mwezi Agosti 1888 Emil von Zelewski, wakala wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alifika na amri zake, akadharau mamlaka ya Sultani wa Zanzibar na kuwaudhi wenyeji. Vita vilivyozuka viliongozwa na Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa hapahapa, vikaenea katika miji mingi ya pwani hata serikali ya Ujerumani ikalazimika kumtuma Hermann von Wissmann na jeshi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Zelewski naye aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891.

Mkonge pia una mizizi yake hapa. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini. Hata hivyo, reli ilianza kujengwa Tanga mwaka huohuo, na ghuba ya Tanga ina kina kuliko mlango wa Pangani, ambao una fungu la mchanga linalowafanya manahodha wasubiri maji yajae. Biashara ikahama, na kwa kuwa ilihama, nyumba za baraza na milango ya nakshi hazikubomolewa kupisha majengo mapya.

Atakayekuja leo atakuta soko, hospitali ya wilaya, nyumba za wageni za bei nafuu mjini, na hoteli za ufukweni upande wa Ushongo. Kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kimehudumia watu na magari kwa miaka mingi, na mradi wa barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo umeleta ujenzi wa daraja kubwa juu ya mto. Kusini ipo Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Baharini kipo kisiwa cha Maziwe, hifadhi tangu mwaka 1975, ambacho kimepoteza miti yake na kubaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kwa hiyo muulize nahodha kwanza kama ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, au maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mto wenyewe. Maji yake hugawiwa wakulima wa umwagiliaji huko juu na mitambo ya umeme ya Hale na ya New Pangani, na yanapopungua, bahari hupanda mtoni na chumvi kufika kwenye mashamba ya wanavijiji wa chini. Ukuta uliojengwa ukingoni unazuia mawimbi yasiile ardhi ya mji, lakini hauwezi kuzuia chumvi inayopanda na mto. Wanaogawa maji ya bonde hili wanapaswa kuyahesabu maji yanayofika Pangani kuwa ni matumizi halali, sawa na ya shamba na ya mtambo.