Kusaka mipangilio kwenye Linux ni nini?

Mchakato ni programu iliyo kazini. Unapoanza, husoma mipangilio yake kwenye faili za maandishi, nyingi zikiwa ndani ya saraka ya /etc. Kwa hiyo mchakato ukianza vituko, labda unagoma kufungua faili zaidi au unasikiliza poti usiyoitarajia, fundi huingia /etc kusaka neno linalohusika. Hiyo ndiyo maana ya kusaka mipangilio, na chombo chake kikuu ni grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Hapa tunasaka nofile, jina la kikomo cha faili ambazo mchakato unaweza kufungua:

sudo grep -Rn nofile /etc

R kubwa huituma amri ndani ya kila saraka na kufuata viungo (symlink), yaani majina yanayoelekeza kwenye faili au saraka nyingine. Herufi n ndogo hutaja namba ya mstari. Ukiandika r ndogo, viungo vinavyokutwa njiani vinarukwa, na /etc/systemd ina viungo vingi.

Ila kuna jambo linalowapotezea watu saa nzima: faili hueleza kilichoombwa, haithibitishi kilichotekelezwa. Mchakato wenyewe unaulizwa kupitia /proc, saraka ambamo Linux huonyesha hali ya kila mchakato ulio hai, na mimi ningeanzia huko kila mara. Tuseme namba yake ni 4312:

cat /proc/4312/limits

Unakuta kikomo cha faili zilizofunguliwa ni 1024, ilhali kwenye /etc/security/limits.conf uliandika 65535 kwa mkono wako. Hakuna kilichoharibika. Faili ile husomwa na PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji, pale mtumiaji anapoingia kwenye mfumo, na huduma ya kawaida, yaani programu ya chinichini inayoanzishwa na systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi), haipitii huko. Kikomo chake huwekwa kwa LimitNOFILE kwenye faili ya huduma yenyewe.

Na hiyo nayo huenda isiwe moja. Iliyokuja na kifurushi hukaa /usr/lib/systemd/system. Yenye jina hilohilo ikiwekwa /etc/systemd/system, hii ya pili ndiyo inayofuatwa. Juu yake kuna vipande vya nyongeza kwenye saraka zinazoishia na .d, navyo ndivyo husahaulika zaidi. Usibahatishe: systemctl cat, ikifuatiwa na jina la huduma, hutoa faili inayofuatwa na vipande vyake, pamoja na mahali kila kimoja kilipo.

Ukisharekebisha, endesha systemctl daemon-reload ili systemd isome faili upya, kisha anzisha huduma upya, kwa sababu mchakato ulio hai hubaki na kikomo ulichoanza nacho. Halafu rudi /proc usome tena, safari hii kwa namba mpya.