Sloti mbili hazimaanishi nakala mbili

Kazi yangu ni kurudisha picha zilizopotea, na wapiga picha wengi wanaoniletea memori kadi iliyokufa huanza na sentensi ileile: "Lakini fundi, kamera yangu ina sloti mbili." Namuuliza kama aliwasha nakala kwenye menyu. Wengi hawajui ninaulizia nini. Nimechoka kuwapa habari mbaya watu ambao kadi ya pili ilikuwemo ndani ya kamera harusi nzima, kadi nzuri kabisa, na haina picha hata moja.

"Kamera ina sloti mbili, picha ziko salama"

Haziko salama mpaka uiambie kamera inakili. Sloti ya pili ni nafasi ya kuweka kadi, basi. Kinachoamua itumikeje ni menyu, na kamera nyingi hazitoki kiwandani zikiwa zimepangwa kunakili. Nikon za sloti mbili, kuanzia D7000 ya mwaka 2010 hadi Z6 II na Z8, huja zikiwa kwenye "Overflow": kadi ya kwanza ikijaa, kamera inahamia ya pili. Canon huja kwenye "Standard": picha zote zinakwenda kwenye kadi moja uliyoichagua, ya pili inakaa bila kazi. Sony a7 III huandika sloti 1 peke yake. Katika mipangilio hiyo mitatu, hakuna hata mmoja unaokupa nakala.

Mipangilio hiyo ina watu wake. Anayepiga simba Serengeti kutwa nzima hataki kamera isimame kwa sababu kadi imejaa, na "Overflow" inamfaa. Wewe unapiga ndoa. Pete haivishwi mara mbili kwa sababu kadi yako imegoma.

Na "Overflow" ndiyo inayoniletea kesi mbaya kuliko zote, kwa sababu imeigawa kazi vipande viwili. Kanisani kuko kadi ya kwanza, ukumbini kuko kadi ya pili. Sasa kadi zinazoweza kukuangusha ni mbili, na yoyote ikifa inaondoka na nusu ya siku ya watu. Tena mara nyingi hakuna kadi iliyokufa. Mtu anafika nyumbani saa nane usiku amechoka, anachomeka kadi ya kwanza, anahamisha, anaona picha zimejaa kwenye kompyuta, analala. Jumamosi inayofuata anafomati (anazifuta) kadi zote mbili na kuanza kupiga sendofu ya mteja mwingine. Bibi harusi anapoulizia picha za kukata keki, zimeshaandikiwa juu na za watu wengine. Picha iliyoandikiwa juu hairudi, uwe na programu gani, uwe na hela kiasi gani. Naombwa nijaribu hivyo hivyo, na jibu linabaki lilelile.

Kurekebisha ni kazi ya dakika moja. Kwenye Nikon, ingia menyu ya kupiga picha, tafuta sehemu inayopanga kazi ya kadi ya sloti 2, chagua "Backup". Kwenye Canon, ingia kwenye mipangilio ya kurekodi, kadi na folda, chagua "Rec. to multiple". Kwenye Sony a7 III, nenda mipangilio ya kurekodi, chagua "Simult." kwa picha. Kisha usiiamini menyu. Piga picha moja, zima kamera, toa kadi ya kwanza, washa, bonyeza kitufe cha kutazama (kwenye Sony a7 III, chagua kwanza sloti 2 kwenye "Select Playback Media"). Picha ikionekana, nakala ipo. Isipoonekana, huna nakala, menyu iseme inavyosema.

Jaribio hilo lifanye kabla ya kila kazi, na ukikodi kamera ndiyo usithubutu kuliruka. Aliyeikodi jana alipanga menyu kwa kazi yake yeye. Nikon iliyorudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani nayo imerudi kwenye "Overflow" bila kukuaga. Ukiwa hapo hapo kwenye menyu, izuie kamera isifyatue ikiwa haina kadi: Canon wanaita "Release shutter without card", Sony "Release w/o Card", Nikon "Slot empty release lock". Picha za ukoo mzima hupigwa kwenye kamera tupu kwa sababu ya kipengele hicho kimoja, na hizo hata mimi sina pa kuanzia.

Ukishawasha nakala, weka kadi za ukubwa sawa. Kadi ya GB 64 na ya GB 32 zikinakiliana, una GB 32. Ndogo ikijaa, kamera inagoma kufyatua, hata kama kubwa ina nafasi. Ukiwa mbele ya madhabahu huo si wakati wa kufanya hesabu hii.

Sasa wale walioiwasha nakala nao wananirudia wakidai wamemaliza. Hamjamaliza. Nakala ndani ya kamera inakukinga na jambo moja tu: kadi moja kufa. Haikukingi na mwizi, kwa sababu kadi zote mbili zimo kwenye kamera moja, na kamera iko begani, nawe uko nyuma ya bodaboda usiku. Kamera ikidondoka majini kwenye kivuko cha Kigamboni, zinazama pamoja.

Kwa hiyo huu ndio ushauri ninaomsisitizia kila anayekaa mbele ya meza yangu. Tukio likiisha, kabla hujashika sahani ya pilau, toa kadi moja. Itie kwenye kasha lake, kasha litie kwenye mfuko wa suruali wenye zipu. Siyo kwenye begi la kamera, wala kwenye gari la msaidizi. Kadi nyingine ibaki kwenye kamera. Begi likiibwa umepoteza vifaa, na vifaa vinanunulika. Harusi ya watu unayo mfukoni. Ukifika, usifomati kadi yoyote mpaka picha ziwe sehemu mbili nje ya kadi, yaani kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na uwe umezifungua ukaziona. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni hii kwa namba: nakala tatu, aina mbili za vifaa, nakala moja ikae mahali pengine. Mahali pengine si lazima pawe intaneti ya kulipia. Diski iliyo kabatini kwa shangazi yako mtaa wa pili inatosha, mradi uwe unaipelekea picha mpya.

Wengine huniambia kadi ya pili ni gharama. Linganisha bei yake na fedha utakazorudisha kwa familia iliyochangishana miezi mizima ili siku hiyo ifanyike, halafu ulijibu swali hilo mwenyewe.

"Kunakili kunaichelewesha kamera, ndiyo maana nimezima"

Hapa kuna ukweli, ila sababu yake si sloti. Kamera ikiandika kwenye kadi mbili, bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya kamera, inamwagika kwa kasi ya ile kadi ya polepole. Canon 5D Mark III ya mwaka 2012 ndiyo iliyolizalisha lalamiko hili: sloti ya kadi za CF (CompactFlash) ilikuwa na kasi, ya kadi za SD haikujua UHS, mfumo wa kasi wa kadi za SD, kabisa, hivyo ukiandika zote mbili kamera inakwama. Sony a7 III nayo sloti 1 ni UHS-II, ambayo kikomo chake ni MB 312 kwa sekunde, lakini sloti 2 ni UHS-I, kikomo MB 104. Ukiweka kadi ya ghali upande mmoja na kadi uliyoichomoa kwenye simu upande wa pili, umenunua kasi ya ile ya simu. Nunua mbili zenye kasi moja. Namba kubwa iliyoandikwa usoni mwa kadi kwa kawaida ni kasi ya kusoma. Wewe angalia alama ya V. V30 inaahidi kuandika bila kushuka chini ya MB 30 kwa sekunde, V60 na V90 vivyo hivyo kwa namba zao. Harusi haipigwi kama mbio za mita 100. V30 mbili za kweli zinaitosha, na ukiweza V60 mbili huna haja ya kuifikiria bafa tena.

"RAW huku na JPEG kule ni nakala ileile"

Siyo ileile, ila sikukatazi. RAW ni faili ghafi, jinsi kamera ilivyoinasa picha. JPEG ni ya biti 8, rangi na mwanga vimeshafungwa, na gauni jeupe lililoungua kwa mwanga wa saa saba mchana halitarudi kutoka humo kama lingerudi kutoka kwenye RAW. Lakini bibi harusi aliyepewa JPEG nzuri ana picha zake. Kama kadi zako ni ndogo, tumia njia hii, ila JPEG iwe ya ukubwa wote na ubora wa juu. Wapo wanaoiweka ndogo ili kubana nafasi, kisha siku ya kuihitaji wana picha isiyofaa hata kwa albamu.

"Video nayo inanakiliwa"

Si kila kamera. Z6 II inanakili picha za mnato, lakini video inaandika kwenye kadi moja tu unayoichagua. Sony a7 III inaweza kurekodi video kwenye zote mbili, ila uchague hivyo kwenye menyu. Mnaopiga picha na video kwa kamera moja, fanyeni jaribio la kutoa kadi kwa video peke yake pia.

"Kamera ya sloti moja si ya kazi"

Mwaka 2018 Nikon Z6 na Z7, pamoja na Canon EOS R, zilitoka na sloti moja, wapiga picha wakapiga kelele, na mwaka 2020 Z6 II na Canon R6 zikaja na mbili. Kelele zile zilikuwa za haki. Hata hivyo, mwenye Z6 anayebadilisha kadi ibada ikiisha, akaitia mfukoni, na ana mwenzake anayepiga matukio yaleyale kwa kamera nyingine, nampa kazi ya harusi ya dada yangu kabla ya mwenye Z6 II aliyeiacha kwenye "Overflow".

"Nimeshafomati, hakuna kitu tena"

Hii inanisikitisha kwa upande mwingine, maana wengi wanakata tamaa mapema. Fomati ya kawaida ya kamera inafuta orodha ya mafaili, picha zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Acha kupiga hapo hapo. Toa kadi, isirudi kwenye kamera. PhotoRec ni programu ya bure na mara nyingi inazitoa. Hakikisha unazihifadhi kwenye diski nyingine, siyo kwenye kadi ileile. Kwenye Canon usiweke alama kwenye "Low level format" ukiwa na haraka, hiyo inasafisha kwa kina. Na kadi isiyotambulika kwenye kompyuta yoyote usiichomekechomeke, ilete jinsi ilivyo.

"Kadi ni kadi, nimepata GB 128 kwa bei ya kutupa"

Kadi bandia imeandikwa 128 nje, ndani inaweza kuwa na 8. Inapokea picha zote na kuonyesha majina yake. Ikipita uwezo wake wa kweli, mafaili yanayofuata ni matupu au yanaandikwa juu ya yaliyotangulia, na kamera haikuonyi. Ukinunua mbili za aina hiyo kwenye duka moja siku moja, nakala yako inaishia pale pale inapoishia kadi ya kwanza, kwa hiyo mimi husema nunua kila moja kwa wakati wake. Kadi mpya ijaze yote kwa majaribio kabla haijaiona harusi: tumia programu ya H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Kubwa zinachukua muda, iache ifanye kazi usiku. Ikifeli, irudishe dukani asubuhi ukiwa na risiti na matokeo ya jaribio kwenye simu yako.