Faili lililotajwa si lazima ndilo bovu

Programu inajifunga ghafla. Unafungua Event Viewer ya Windows (daftari la matukio ya kompyuta), unatafuta tukio namba 1000, na hapo unakuta jina la faili: ntdll.dll. Basi, mchawi kapatikana! Kuanzia hapo watu wengi huiharibu kompyuta ambayo ilikuwa na hitilafu ndogo tu, kwa kuamini mambo manne yafuatayo.

"Jina lililo kwenye taarifa ya kosa ndilo chanzo"

Wahenga walituasa tuangalie tulipojikwaa, si tulipoangukia. Maktaba ya mfumo (DLL) ni faili lenye kazi zinazotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ili kila moja isilazimike kujiandikia upya namna ya kufungua faili au kuomba kumbukumbu. Mojawapo ni hiyo ntdll.dll, ambayo hupakiwa ndani ya kila programu ya kawaida inayoendeshwa kwenye Windows. Programu ikivuruga kumbukumbu yake yenyewe, uharibifu unaweza kulala kimya kwa muda. Baadaye ntdll inapokwenda kugawa au kurudisha kipande cha kumbukumbu, inakuta hesabu hazilingani na kuisimamisha programu. Jina linaloandikwa ni lake, ingawa kosa ni la mwingine. Ni kama kumfunga mhasibu aliyegundua wizi.

Mimi huanza na msimbo ulioandikwa chini ya jina hilo, maana husema mengi zaidi. 0xc0000374 maana yake kumbukumbu ya programu imevurugwa, na mara nyingi mwenye kosa ni programu yenyewe au programu-jalizi iliyopachikwa ndani yake. 0xc0000005 ni kugusa anwani ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Ukiona KERNELBASE.dll (maktaba nyingine ya mfumo) pamoja na 0xe06d7363, hilo ni kosa lililorushwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya C++ bila kudakwa na yeyote. (Zisome baiti 6d, 73 na 63 za msimbo huo kama herufi za ASCII, mfumo wa kuandika herufi kwa namba, utapata "msc". Wahandisi nao wana utani wao.)

Kisha jiulize swali moja: inaanguka programu moja, au nyingi? Ikiwa ni moja, isasishe, zima programu-jalizi zake, au iondoe na kuisakinisha upya. Zikiwa nyingi, na kila siku linatajwa faili jingine, shuku mfumo, diski au RAM (kifaa chenyewe cha kumbukumbu). RAM unaweza kuipima kwa amri ya mdsched bila kusakinisha chochote.

"Pakua DLL mtandaoni, ibandike kwenye folda ya System32"

Huu ndio ushauri unaosambaa kuliko wote, na ndio mbaya kuliko wote. Faili la mahali pasipojulikana linaweza kuwa na virusi. Hata likiwa safi, linaweza kuwa toleo lisiloendana na mengine, au la biti zisizo sahihi. Programu ya biti 64 ikipewa maktaba ya biti 32, mara nyingi hukataa kufunguka na kutoa 0xc000007b.

Mafaili haya huja kwa kundi, hayaji moja moja. Ukikosa vcruntime140.dll au msvcp140.dll, sakinisha kifurushi cha Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft. d3dx9_43.dll huletwa na kifurushi cha DirectX cha Juni 2010.

Na hapa kuna mtego: kwenye Windows ya biti 64, maktaba za biti 64 zimo System32, na za biti 32 zimo kwenye folda ya SysWOW64. Ndiyo, majina yako kinyume na unavyotarajia.

"Endesha regsvr32, litapona"

Amri hiyo husajili tu maktaba zilizoandikwa kusajiliwa kwa njia hiyo. Haikarabati faili lililoharibika.

"Dawa ni kupiga Windows upya"

Kabla ya kufika huko, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Ikimaliza:

sfc /scannow

Mpangilio huo una sababu. sfc hulinganisha mafaili ya mfumo na nakala zilizohifadhiwa ndani ya Windows, kisha hurudisha yaliyoharibika. Ghala la nakala likiwa nalo limeoza, sfc haina pa kuchukua. DISM ndiyo inayolitengeneza ghala, kwa kawaida kwa kuvuta mafaili kutoka Windows Update, kwa hiyo hakikisha una intaneti. Asilimia ikisimama mahali pamoja kwa muda, iache, huwa inaendelea.

sfc ikisema haikukuta hitilafu, acha kuyatuhumu mafaili ya mfumo na urudi kwenye programu iliyoanguka. Ikisema imerekebisha, washa kompyuta upya na ujaribu tena. Lakini mafaili yakiharibika tena baada ya siku chache, nakili kazi zako mahali pengine siku hiyohiyo, ndipo uipime diski.